Masaa 17 Addis Ababa, na mtoto mgongoni



Mara nyingi, mkutano ukiisha na watu wakibaki kuzungumza, mama mmoja anauliza swali hili: ukisafiri na mtoto mdogo, na tikiti inasema utangoja ndege ya pili kutwa nzima katika mji usioujua, ufanye nini na masaa hayo? Jibu tunalopeana ni lile lile. Keti. Shika mtoto. Linda mfuko. Ngoja.

Mimi naona kuna jibu lingine, na ndilo nataka kuwaeleza leo, kwa sababu safari nyingi za watu wetu zinapitia Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Anapita pale mama anayemfuata bwana yake Ulaya, anapita yule anayepeleka mgonjwa Uhindi, anapita mfanyabiashara anayekwenda kutafuta vikwembe na viatu Dubai au China. Kuna wamama wamefika Addis mara tatu, mara nne, na wakiulizwa wameona nini, wanasema: viti.

Mwaka ule nilisafiri katika vakansi kubwa, mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa. Kutoka Bukavu tulivuka mpaka Rusizi, tukapanda basi mpaka Kigali, na usiku tukaingia ndege. Mtoto wangu alikuwa na miaka 2 na miezi 2. Baba yake aliondoka kwenda Ubelgiji kusoma wakati huyu mtoto alikuwa na majuma matatu tu. Tangu hapo alimjua baba katika simu: sura ndogo inayocheka, inayokatika mtandao ukianguka, inayorudi. Tikiti ilitoka katika likelemba yetu na katika mushahara niliouweka kidogo kidogo. Ndege ya kwanza ilitua Addis saa moja asubuhi. Ya pili, ya kwenda Bruxelles, ingeondoka saa sita usiku. Masaa 17.

Watu wa nyumbani walinihurumia, wakanishauri nisitoke. Mama mkwe alisema: "Mwanangu, mji wa watu, lugha huijui, mtoto mikononi. Kaa pale penye taa." Niliheshimu neno lake, lakini mimi ni mwalimu. Najua mtoto wa miaka miwili haketi masaa 17. Hata mtoto wa shule ya watoto wachanga hatumwachi kwenye benchi zaidi ya dakika kumi na tano bila kumwimbisha au kumsimamisha. Ukimlazimisha mtoto kukaa kutwa nzima kwenye kiti cha chuma, unatafuta vita, na vita hiyo utaibeba mpaka ndani ya ndege, mpaka mbele ya baba anayemngoja mlangoni. Sikutaka amwone baba yake kwa mara ya kwanza akiwa amechoka na analia.

Kwa hiyo nilipanga kutoka, na nilipanga nikiwa bado Bukavu.

Mambo ya kutengeneza kabla

La kwanza ni karatasi. Kuketi ndani ya kiwanja cha ndege ni jambo moja, kuingia mjini ni jambo lingine. Kuingia mjini kunahitaji viza, na sheria za viza zinabadilika. Uliza kabla ya kununua tikiti, usiulize baada. Mimi niliomba yangu na ya mtoto kwa intaneti nikiwa nyumbani, nikaichapisha kwenye karatasi, nakala mbili. Uliza pia kama kampuni ya ndege inatoa chumba cha kupumzikia kwa wanaongoja masaa mengi. Kampuni nyingine zinatoa, lakini mtu asiyeuliza hapewi.

La pili ni kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, yako na ya mtoto. Kwetu mtoto anapata chanjo hiyo akiwa na miezi 9, na sisi tunaotoka Kongo tunaulizwa kadi hiyo sehemu nyingi. La tatu, kama baba hasafiri pamoja nanyi, ni barua ya ruhusa ya baba yenye mhuri. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anaweza kuulizwa barua hiyo mpakani, na mpaka si mahali pa kuanza kutafuta mtu wa kuiandika.

La nne ni mfuko. Uliza wanapopima mizigo kama sanduku kubwa linakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safari. Likikwenda, unabaki na mfuko mmoja mdogo: pampasi tano, nguo moja ya kubadilisha, kikombe, unga wa uji uliokwisha kukaangwa, sabuni, maji, na sweta. Usisahau sweta. Addis iko juu, zaidi ya meta 2 300, wakati Bukavu yetu iko karibu meta 1 500. Mwezi wa saba na wa nane ni majira ya mvua kule. Tulipotoka mlangoni asubuhi ile, baridi ilitupokea kama ya mlimani. Na kwa sababu ya urefu huo, mama anayebeba mtoto mgongoni atahema kidogo kwenye mpando. Tembea polepole, kunywa maji.

La tano ni kikwembe. Niliona wasafiri wenye vigari vizuri vya watoto wakihangaika kwenye njia za miguu zenye mashimo. Mimi nilimfunga wangu mgongoni, na hakuna mtu aliyenishangaa, maana wamama wa kule pia wanabeba watoto mgongoni. Kikwembe cha pili nilikitumia kama blanketi, kitanda, pazia la kunyonyeshea na kitambaa cha kichwa.

Saa yao ni kama saa yetu

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha Addis ni saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi tunaosema Kiswahili: jua likichomoza siku inaanza, na saa ile Wafaransa wanaiita saba, wao wanaiita moja. Dereva wa taksi aliponiuliza nataka kurudi saa ngapi, akaonyesha vidole tisa, nilielewa bila mkalimani: saa tisa mchana. Mzungu aliyekuwa karibu angefikiri ni saa tatu ya usiku. Lakini jihadhari: tikiti ya ndege imeandikwa kwa saa ya kizungu, na Addis iko mbele ya Bukavu kwa saa moja. Rekebisha saa yako mara tu unapotua.

Hata kalenda yao ni yao. Mwaka wao una miezi 13: 12 ya siku 30, na mmoja mfupi wa siku tano au sita. Mwaka mpya unaanza mwezi wetu wa tisa, na hesabu yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Niliwaambia wanafunzi wangu niliporudi: mwalimu wenu amekwenda mahali ambapo alikuwa kijana tena. Walicheka, lakini somo walilishika.

Taksi nilipatana bei kabla ya kuingia, nikamwonyesha dereva jina la mahali limeandikwa kwenye karatasi. Kutoka kiwanja cha Bole mpaka mjini si mbali. Nilibadilisha dola chache tu kwenye benki ya kiwanja kupata birr, pesa ya kule, na hesabu ya siku nzima, pamoja na taksi, haikufika dola 40 nilizokuwa nimetenga.

Mji uliopewa jina na mwanamke

Njiani nilimweleza mtoto tunakokwenda, ingawa alikuwa anatazama punda tu. Punda waliobeba mizigo, wakipita katikati ya magari, na taksi ndogo za rangi ya buluu na nyeupe zinazopiga kelele kama zetu. Kwa mtoto, hilo lilikuwa onyesho tosha. Lakini nawaeleza ninyi wamama, kwa sababu ni habari yenu.

Mji wa Addis Ababa ulianzishwa mwaka 1886, na aliyeuchagulia mahali na jina ni mwanamke, Taytu Betul, mke wa Menelik wa Pili. Makao yao yalikuwa juu ya mlima Entoto, kwenye baridi na upepo. Taytu alipenda kushuka bondeni kwenye chemchemi za maji ya moto. Akaona mahali ni pazuri, akajenga nyumba yake pale, akapaita Addis Ababa, maana yake "ua jipya". Watu wakamfuata, na leo ni mji wa mamilioni.

Taytu hakuwa malkia wa kukaa ndani tu. Tarehe 1 mwezi wa tatu 1896, Waethiopia walipowashinda Waitalia kwenye vita ya Adwa, yeye alikuwako na jeshi lake mwenyewe. Kabla ya hapo, Waitalia walipojifungia ndani ya ngome yao Mekelle, shauri la kuwakatia maji lilikuwa lake. Mama yeyote anayeteka maji anajua kwamba mwenye maji ndiye mwenye siku. Na mwaka huo wa 1896, Kongo yetu ilikuwa ikihesabiwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili.

Lucy na Selam

Nilikuwa nimechagua mambo mawili tu ya kutwa: Makumbusho ya Taifa, na kahawa. Ukiwa peke yako unaweza kuchagua sita. Na mtoto wa miaka miwili, chagua mawili, na liwe moja la asubuhi akiwa bado na nguvu.

Makumbusho ya Taifa yako upande wa Amist Kilo, karibu na chuo kikuu, na yana bustani mbele. Tulianza na bustani. Nilimfungua mgongoni, nikamwacha akimbie nusu saa, akaokota majani, akala uji wake. Hapo ndipo tukaingia.

Katika chumba cha chini analala Lucy. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1974, Mmarekani Donald Johanson na wenzake waliona mifupa yake Hadar, katika nchi ya Afar. Amekadiriwa kuwa na miaka milioni 3,2. Jina Lucy lilitoka katika wimbo wa Beatles uliokuwa ukichezwa kambini. Waethiopia wenyewe wanamwita Dinknesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Alikuwa mwanamke mzima, lakini urefu wake ulikuwa kama meta 1,10 hivi, sawa na mtoto wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Alitembea kwa miguu miwili kama sisi. Mifupa inayoonekana kwenye kioo ni mfano. Ile ya kweli inalindwa mahali pa salama. Iliwahi kupelekwa Marekani kuonyeshwa kuanzia 2007, na mwaka 2013 ikarudi nyumbani.

Hapo mwalimu aliye ndani yangu alifikiri kwetu. Ishango, kwenye ziwa Edouard, Kivu Kaskazini, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota mfupa mdogo uliokatwa mistari kwa mpango, ambao wengi wanauona kama hesabu za watu wa zamani sana. Tunaufundisha darasani. Mfupa huo uko Bruxelles, mji ule ule nilikokuwa nakwenda. Dinknesh alitoka akarudi. Wetu bado.

Mtoto wangu hakujali Dinknesh hata kidogo. Alichopenda ni ngazi. Alipanda, akashuka, akapanda tena, akihesabu kwa namna yake: moja, mbili, tano. Kule chini alikuwako mama mmoja mlinzi wa makumbusho, wa umri wangu. Aliniangalia, akaangalia mtoto, akanyoosha mkono. Hatukuwa na lugha moja. Alisema "lij", yaani mtoto, akaonyesha kioo kingine pembeni, kisha akamshika mtoto wangu mkono na kuanza kupanda naye ngazi moja moja, wote wawili mbele ya macho yangu. Alikuwa amenipa dakika kumi.

Kioo alichonionyesha kilikuwa cha mtoto. Jina lake Selam. Mwanasayansi wa Ethiopia, Zeresenay Alemseged, na kikosi chake walimpata mwezi wa 12 mwaka 2000, mahali panapoitwa Dikika, si mbali na alikopatikana Lucy. Mifupa ilikuwa imeshikwa ndani ya jiwe la mchanga. Ilichukua miaka kulitoa jiwe hilo chembe kwa chembe, kwa vyombo kama vya daktari wa meno, mpaka mwaka 2006 ndipo dunia ikaambiwa. Wengine walimwita mtoto wa Lucy, lakini yeye ni wa zamani zaidi: miaka milioni 3,3. Alikuwa msichana wa karibu miaka 3.

Nilisimama pale. Uso mdogo. Meno ya utoto, na wataalamu wanasema meno ya ukubwa yalikuwa bado yamefichika ndani ya taya, yakingoja siku yao. Mguu wake unaonyesha kwamba alitembea kwa miguu miwili, lakini kidole kikubwa kilikuwa chepesi kuliko cha mtu mzima, na wanadhani kilimsaidia kupanda miti, au kumshika mama yake anapombeba. Nilisikia vidole vya mtoto wangu mgongoni, ingawa wakati ule hakuwako mgongoni.

Wanadhani mafuriko ya mto yalimfunika haraka na mchanga, ndiyo sababu mifupa yake ilibaki pamoja.

Wamama wa Kivu Kusini, tukisikia kwamba maji na matope vimemfunika mtoto, hatuhitaji kuelezwa. Tunajua Kalehe. Tunajua tarehe 4 mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi. Kuna wamama wanaosoma karatasi hii waliotafuta watoto wao kwa mikono, na kuna ambao hawakuwapata. Mbele ya kioo kile sikufikiri habari za milioni za miaka. Nilifikiri kwamba huyu naye alikuwa na mama, na kwamba siku ile kuna mtu alisimama kando ya maji. Watu wa sayansi wamempa mtoto huyu miaka ya kazi, chembe kwa chembe, na taifa lake limempa nyumba na jina. Ni heshima ambayo kila mtoto aliyefunikwa na maji angestahili. Sisi kwetu tunaweza angalau kuandika majina yao. Nimeomba kikundi chetu tuanze daftari hilo, na ombi hili nalileta kwenu pia.

Jina Selam kwa Kiamhari ni amani. Ndilo neno lao la kusalimia pia. Sisi tunasema salama. Neno ni moja.

Mama mlinzi alinirudishia mtoto akiwa ametoka jasho na anacheka. Nilimwambia "ameseginalehu", asante yao, ndefu kuliko zote ninazozijua, nikaikosea katikati, akacheka naye. Tulitoka nje. Tulikuwa tumekaa ndani kwa muda usiofika saa moja, na ilitosha.

Kahawa mara tatu

Mchana mvua ilianza, kama ilivyo desturi ya majira yale. Tuliingia mahali padogo pa chakula. Kama safari yako itaangukia Jumatano au Ijumaa, jua kwamba ni siku za kufunga kwa Wakristo wa Orthodox: sehemu nyingi hawapiki nyama wala hawatoi maziwa, ila mboga, dengu na maharage. Chakula kinawekwa juu ya injera, mkate mpana na laini wa nafaka inayoitwa teff, wenye uchachu kidogo. Watu wanakula kwa mkono wa kuume kutoka sahani moja, kama sisi na bugali yetu. Pilipili yao ni kali. Kwa mtoto, uliza "alicha", mchuzi wa rangi ya manjano usio na pilipili. Wangu alikula alicha ya viazi na mkate, unaoitwa "dabo", akalala kwenye kikwembe kando yangu.

Ndipo nikapata kahawa yangu. Kahawa kule ni kazi ya mwanamke, na haina haraka. Mama anakaa kwenye kiti kifupi, chini kumetandazwa majani mabichi, makaa yanawaka, ubani unafuka. Anaosha buni, anazikaanga mbele yako, anapitisha kikaango ili kila mtu anuse, anatwanga, anachemsha ndani ya chungu chenye shingo nyembamba kinachoitwa jebena. Anamimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Halafu anaongeza maji na kuchemsha tena, na tena. Kikombe cha kwanza kinaitwa abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Niliposikia neno hilo la tatu nilitabasamu. Anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu ameacha baraka mezani.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo. Makaa yako chini, sawa na mkono wa mtoto, kwa hiyo kaa upande wa mbali. Na pamoja na kahawa wanaleta mahindi ya kupasuka, au kolo, yaani shayiri iliyokaangwa. Usimpe mtoto wa miaka miwili. Vinaweza kumkaba koo. Mpe mkate.

Tulirudi kiwanjani kabla ya saa kumi na moja ya jioni, mapema kuliko ilivyolazimu, maana mistari ya ukaguzi na mtoto si ya kukimbilia. Nilimwosha uso na miguu, nikambadilisha nguo. Alikuwa amekimbia, amepanda ngazi, amenyeshewa kidogo, ameona punda. Saa sita usiku ndege ilipopanda alikuwa kwenye titi, na hakuamka mpaka Ulaya.

Bruxelles, baba yake alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, simu mkononi. Mtoto alimwangalia. Kisha akaiangalia simu, kama anayemtafuta mtu mle ndani. Akamwangalia tena yule aliyesimama. Hakulia. Alinyoosha kidole akasema, "Baba ametoka."

Ninachowaombea

Sisemi kila mtu atoke. Kama mtoto ana homa, kama karatasi hazijakamilika, kama muda wa kungoja ni masaa matano tu, kaa ndani, tandika kikwembe kwenye kona, imba. Hakuna anayekuhesabia. Lakini kama una kutwa nzima, mtoto ni mzima, na umejitayarisha, hayo masaa ni yako. Umeyalipia katika tikiti.

Sisi wamama wa Kongo tunajua kungoja. Tunangoja mashua bandarini, tunangoja mpaka ufunguliwe, tunangoja daktari, tunangoja mushahara. Tumefundishwa kwamba mama mwenye mtoto mgongoni ni mtu wa kungojea pembeni mpaka dunia imalize mambo yake. Siku ile Addis niliona kinyume. Mtu asiye na mtoto angepita haraka mbele ya Selam na kusoma karatasi ya kioo. Mimi nilifunguliwa njia na mtoto: kwa ajili yake mama mlinzi alininyooshea mkono, kwa ajili yake mpika kahawa aliongeza mkate bila kuulizwa.

Na wewe ambaye safari ya ndege haijakufikia, njia ni ile ile hapa kwetu. Siku ya kungoja ikija, chagua vitu viwili vya kumwonyesha mtoto. Mvuvi wa sambaza akianika samaki wake. Mti mkubwa wa parokia na mwaka uliopandwa. Nenda kwa mwendo wa miguu yake, si yako. Mwambie jina la kila kitu, hata kama anatazama punda tu.